Yai Ndilo Saa: Tuliyojifunza Katika Kuzalisha na Kutambua Chaza Wasiozaa

Kwa wiki tatu tulilisha lava, watoto wachanga wa chaza, ambao daftari liliwaita triploidi, yaani wasiozaa. Mashine ilipowapima, wengi wao walikuwa diploidi, chaza wa kawaida kabisa wanaozaa. Mwani walioula ulikuwa umekwenda, nguvu za watu zimekwenda, na wazazi waliokuwa wamejaa mayai walikwisha funguliwa. Dawa tuliyotia kwenye mayai ili chaza wasizae haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa saa ya ukutani: tulifuata dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, hatukuyatazama mayai. Kosa la pili lilikuwa kungoja wiki tatu kupima kitu ambacho kingepimika baada ya siku moja au mbili. Yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanaoanza kazi hii, ili wasilipe mara mbili kwa makosa yale yale.

Tunamzungumzia chaza wa Pasifiki, Crassostrea gigas, ambaye siku hizi wataalamu wengi humwita Magallana gigas. Huyu ndiye anayefugwa kwa wingi katika pwani ya Jimbo la Washington, Marekani, na pia Ufaransa. Chaza wa kawaida ana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) 20, yaani seti mbili za kromosomu kumi kumi. Triploidi ana seti tatu, kromosomu 30. Seti ya tatu haina mwenzake wa kupangana naye wakati wa kutengeneza mayai au shahawa, kwa hiyo uzazi hukwama. Faida yake mfugaji huiona kiangazi. Diploidi hutumia akiba yake ya glikojeni, wanga wa mwilini, kutengeneza mayai na shahawa, mwili ukawa mweupe kama maziwa, na akishatema hubaki amenyauka, hana ladha wala uzito. Triploidi hubaki mnono, huuzika miezi ya joto, na mara nyingi hukua haraka zaidi.

Njia hii ilianzia Chuo Kikuu cha Maine. Mwaka 1981 Jon Stanley, Standish Allen na Herbert Hidu walichapisha matokeo ya kutengeneza chaza wa Marekani wenye seti tatu kwa kutumia saitokalasini B, dawa inayozuia seli kugawanyika. Katikati ya miaka ya 1980 vituo vya kuzalisha chaza vya Washington vilikuwa vimeanza kuifanya kibiashara kwa chaza wa Pasifiki.

Msingi wake ni huu. Yai la chaza linapotoka kwa mama bado halijamaliza kugawa kromosomu zake. Linamaliza baada ya kurutubishwa, kwa kutema vifurushi viwili vidogo vya kromosomu, kimoja baada ya kingine. Vinaonekana kwa hadubini kama vitone ukingoni mwa yai. Ukizuia kifurushi cha pili kisitoke, yai linabaki na seti mbili za mama, shahawa inaongeza seti moja ya baba, na jumla ni tatu. Kazi yote ni kukamata dakika zile chache kati ya kifurushi cha kwanza na cha pili.

Kazi huanza wiki nyingi kabla, kwa wazazi. Huwekwa kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi kwa wiki sita hadi nane, wakilishwa mwani wa kutosha, mpaka viungo vyao vya uzazi vijae. Usikimbize hatua hii. Mayai ambayo hayajakomaa sawasawa hayawezi kwenda kwa mwendo mmoja, na mwendo mmoja ndio unaoutafuta. Chaza wa Pasifiki ana nafuu moja kubwa: si lazima umngoje ateme mwenyewe. Unamfungua, unachukua tone kwa pipeti safi kutoka kwenye kiungo cha uzazi, unalitazama kwa hadubini ili kujua kama ni dume au jike, kisha unamkwangua. Kila mnyama na kisu chake, au kisu kioshwe kwa maji baridi yenye klorini na kusuuzwa vizuri kabla ya kumgusa anayefuata. Fungua majike wote kwanza na uwaweke mbali na madume. Shahawa za dume mmoja zikirukia ndoo ya mayai nusu saa kabla ya wakati wake, mayai hayo yameanza safari yao bila wewe kujua, na hakuna dawa itakayoyafikia kwa wakati.

Mayai yaliyokwanguliwa yapitishe kwenye chekecheke ya mikroni 80 kuondoa vipande vya nyama, kisha yashike kwenye chekecheke ya mikroni 20 na uyasuuze. Yai likiwa mviringo lina upana wa mikroni 50 hivi, kwa hiyo litabaki juu. Sasa yaache kwenye maji ya bahari yaliyochujwa, nyuzi 25, chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, kwa muda wa karibu saa nzima. Wengi huiruka hatua hii, na sisi tuliiruka. Yai lililokwanguliwa lina umbo la pea na kiini kikubwa kinachoonekana wazi katikati. Likikaa majini huwa mviringo na kile kiini hupotea machoni. Likirutubishwa kabla ya hapo huchelewa nyuma ya wenzake, na ndoo moja inakuwa na mayai ya umri tofauti. Tone la mayai chini ya hadubini kila dakika kumi ndilo linalokuambia kuwa mengi yako tayari.

Kila jike awe na ndoo yake. Kuchanganya mayai ya majike watano kwenye chombo kimoja kunaokoa vyombo na kuharibu kazi, kwa sababu mayai ya jike mmoja yanaweza kuwa dakika tano mbele ya mwingine, na dakika tano hapa ni nyingi. Kabla ya kumimina shahawa, chota mayai kidogo kutoka kila ndoo uyaweke kwenye gilasi bila shahawa yoyote. Yatazame baada ya saa mbili. Yakiwa yamegawanyika, ndoo ile ilichafuliwa, na hata kama kila kitu kingine kilikwenda sawa hutaweza kuiamini. Gilasi hii haina gharama.

Mimina shahawa kwa mara moja, koroga, kisha uangalie. Shahawa tano hadi kumi zikizunguka yai zinatosha. Zikiwa nyingi mno yai hupenywa na zaidi ya moja, na hilo huvuruga hesabu ya kromosomu kwa namna isiyorekebishika. Anza kuhesabu dakika, lakini dakika zikukumbushe tu kwenda kutazama. Kwenye nyuzi 25, kifurushi cha kwanza huanza kuonekana kama dakika 15 hadi 25 baada ya shahawa. Maji yakiwa nyuzi 23, huchelewa. Yakiwa 27, huwahi. Ndoo iliyo karibu na mlango na ndoo iliyo karibu na hita hazina saa moja. Ndiyo sababu karatasi yetu ya dakika ilitudanganya.

Kuanzia dakika ya 12, chukua tone kila dakika mbili. Hesabu mayai mia moja na uandike mangapi yana kifurushi kimoja. Nusu yakifika, weka dawa. Ukiwahi, utazuia kifurushi cha kwanza badala ya cha pili, na utapata mchanganyiko wa lava wenye idadi za kromosomu zisizokamilika, ambao wengi hufa siku chache baadaye. Ukichelewa, kifurushi cha pili kimekwisha toka, na ulichopata ni diploidi waliotiwa sumu bure. Tukilazimishwa kukosea, tungechagua kuwahi kidogo, kwa maana lava wenye hesabu mbovu hujiondoa wenyewe kwa kufa. Diploidi hafi. Anakaa humo, anakula mwani wako, na mwishoni anauzwa kwa jina lisilo lake.

Kuhusu dawa yenyewe. Saitokalasini B huyeyushwa kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, miligramu 1 kwa mililita 1, kwa kuwa haiyeyuki vizuri majini. Mililita 1 ya mchanganyiko huo kwenye lita 2 za maji yenye mayai inakupa miligramu 0.5 kwa lita, kipimo kinachotumika sana. Kaa nacho dakika 15 hadi 20, ukikoroga polepole mayai yasilale chini. Kisha shika mayai kwenye chekecheke ya mikroni 20, na uyaloweke kwa dakika 15 kwenye maji ya bahari yenye DMSO mililita 1 kwa lita, ili dawa iliyobaki ndani ya yai itoke. Ukiruka loweko hili dawa huendelea kufanya kazi wakati yai linajaribu kugawanyika mara ya kwanza, na asubuhi unakuta vitu visivyo na umbo chini ya tangi.

Hii ni sumu. Unga wake usipimwe kwenye meza iliyo wazi. Upimwe ndani ya kabati lenye feni ya kunyonya hewa, kwa glovu na barakoa ya kufaa. DMSO inapenya ngozi na kubeba ilichobeba, kwa hiyo tone kwenye mkono si jambo dogo. Maji ya dawa na maji ya loweko yote hukusanywa kama taka hatari. Hayamwagwi baharini, hata ukiambiwa ni kidogo. Wapo wanaotumia dawa nyingine, 6-DMAP, badala yake, mikromoli 300 hadi 450 kwa lita, dakika zile zile. Inayeyuka majini na ni rahisi kuisuuza, lakini nayo ni sumu. Joto la nyuzi 32 hadi 35 kwa dakika kama kumi linaweza kufanya kazi hiyo bila dawa, ila matokeo yake huyumba sana na vifo huwa vingi. Kwa mtu anayetaka kuuza, si njia tunayoipendekeza.

Tenga siku zote ndoo moja ya mayai ya jike yule yule, yaliyorutubishwa kwa shahawa zile zile, bila dawa. Hiyo ndiyo itakayokuambia kama vifo vimetokana na dawa au na mayai mabovu. Pia ndiyo diploidi wako wa kulinganishia kwenye mashine. Tegemea kwamba waliotiwa dawa watafika hatua ya lava wenye umbo la herufi D kwa idadi ndogo kuliko hao. Panga mayai ya ziada tangu mwanzo, usikimbilie kutia dawa nusu kipimo.

Baada ya hapo malezi ni kama ya lava wengine: baada ya saa 24 wana gamba la herufi D, kisha chakula cha mwani, maji kubadilishwa, na wiki mbili hadi tatu baadaye wanaonyesha doa la jicho na mguu. Wanaobaki kwenye chekecheke ya mikroni 240 wako tayari kushika, yaani kujibandika, kwenye unga wa magamba. Jambo moja tu linalowahusu triploidi hapa: ukipanga lava kwa ukubwa, pima kila daraja peke yake. Triploidi na diploidi si lazima wakue kwa mwendo mmoja tangini, na ukiwatupa wadogo bila kupima unaweza kuwa umetupa kile ulichokuwa unakitafuta.

Sasa kupima, kazi ambayo tuliidharau. Kifaa kinachoaminika ni saitometa ya mkondo. Seli hutenganishwa, viini vyake vinatiwa rangi inayoshika DNA, kisha vinapita kimoja kimoja mbele ya mwanga, na mashine inapima mng'ao. Triploidi anang'aa mara moja na nusu ya diploidi. Kwa lava, shika maelfu kadhaa kwenye chekecheke, uwaweke kwenye mililita moja ya mchanganyiko wa rangi ya DAPI, miligramu 10 kwa lita, wenye sabuni ya maabara na DMSO asilimia 10. Wavute na kuwasukuma mara kadhaa kwa sirinji ya sindano nyembamba ili wavunjike, chuja, kisha pitisha kwenye mashine. Pitisha diploidi wa kulinganishia kwanza, kila siku, kabla ya sampuli yoyote. Bila yeye kilele kinachotokea kwenye grafu hakina maana, kwa sababu mashine inaweza kuhama kutoka jana hadi leo.

Kuna mtego hapa. Seli inayojiandaa kugawanyika ina DNA maradufu, kwa hiyo diploidi wenye afya huonyesha kilele kidogo mahali pa seti nne. Usiwaite tetraploidi. Vivyo hivyo triploidi huonyesha kilele kidogo mahali pa seti sita. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: kipimo cha lava kwa jumla kinahesabu seli, hakihesabu wanyama. Kinakupa makadirio ya kuamua kama kundi linastahili kulishwa au limwagwe. Hakikupi asilimia ya kuandika kwenye hati ya mauzo. Asilimia hiyo inatoka kwa vifaranga waliopimwa mmoja mmoja, baada ya kushika.

Ni wangapi? Hesabu iliyotusaidia ni rahisi: ukipima idadi fulani na wote wakawa triploidi, gawa 3 kwa idadi hiyo. Vifaranga 30 wote triploidi maana yake, kwa uhakika wa asilimia 95, diploidi kwenye kundi wanaweza bado kufikia asilimia 10. Vifaranga 100 vinashusha kikomo hicho hadi asilimia 3, na 300 hadi asilimia 1. Anayekuambia kundi lake ni "triploidi tupu" kwa sababu alipima kumi, muulize hesabu hii.

Chaza mkubwa hahitaji kuuawa. Mlaze kwenye maji yenye magnesiamu kloridi gramu 50 kwa lita kwa saa chache, misuli italegea na gamba litafunguka lenyewe. Kata kipande kidogo cha matamvua kwa koleo, kisha mrudishe kwenye maji safi. Au saga ukingo wa gamba upate upenyo, uvute damu kidogo kutoka kwenye msuli unaofunga gamba. Asiye na saitometa anaweza kuhesabu kromosomu kwa hadubini: seli zisimamishwe kwa kolchisini, zivimbishwe kwa maji yenye chumvi kidogo, zigandishwe kwa methanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1, zitiwe rangi ya Giemsa, kisha uhesabu 20 au 30. Ni kazi ya kweli na matokeo yake ni ya kweli, lakini mnyama mmoja anaweza kukulia nusu siku.

Usiamini macho. Wakulima wengi hufungua chaza mwezi wa Julai, wakiona mwili usio na maziwa husema huyu ni triploidi. Diploidi aliyekwisha kutema anaonekana hivyo hivyo. Na triploidi wachache hutengeneza mayai kidogo, yenye hesabu mbovu ya kromosomu, ambayo karibu yote hufa. Tunawaita wasiozaa, na kwa shamba ni kweli. Kwa mtu anayetaka kumpeleka chaza mgeni kwenye bahari isiyo yake, neno hilo halitoshi.

Jimbo la Virginia, Marekani, lilijua hilo mapema. Mwaka 1993 triploidi wa chaza wa Pasifiki waliwekwa kwa majaribio kwenye Mto York, na baadhi yao walikutwa wameanza kuwa na seli za seti mbili zilizochanganyika na za seti tatu ndani ya mwili mmoja. Waliondolewa majini. Kwenye mashine mnyama wa namna hiyo anaonyesha vilele viwili kutoka kipande kimoja cha matamvua. Ukiona hivyo kwanza rudia kipimo kwa sirinji mpya, maana mabaki ya sampuli iliyotangulia hutoa picha ile ile. Vikibaki viwili, ni kweli. Ndiyo sababu kipimo cha vifaranga hakimalizi kazi pale ambapo utasa ni sharti la kibali. Lazima kirudiwe wakiwa wakubwa.

Leo vituo vingi vikubwa havitumii dawa kwenye mayai ya biashara kabisa. Mwaka 1994 Ximing Guo na Standish Allen, wakiwa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walichapisha njia ya kupata tetraploidi, chaza wa seti nne, wanaoishi: walichukua mayai machache ya majike triploidi, wakayarutubisha kwa shahawa za kawaida, wakazuia kifurushi cha kwanza. Dume tetraploidi ana shahawa za seti mbili. Akikutana na jike wa kawaida, karibu watoto wote ni triploidi bila tone la sumu, na hakuna dakika ya kukamata. Kwa anayeweza kuwapata, hii ndiyo njia. Lakini nidhamu ya visu, ndoo na gilasi ya mayai bila shahawa inabaki ile ile, kwa sababu dume mmoja wa kawaida aliyepenya kwenye foleni anakurudisha kwenye diploidi. Pima matamvua ya kila dume, kisha pima na shahawa zake ukizilinganisha na shahawa za diploidi, siku ile ile ya kuzalisha. Tetraploidi wenyewe wafungiwe ndani, na maji yao yatibiwe kabla ya kutoka, kwa kuwa hawa wanazaa.

Mtu wa Gazi, Kenya, au Fumba, Zanzibar, akituuliza kama aanze na triploidi, tunamjibu hapana, bado. Chaza wa miambani wa pwani yetu, Saccostrea cucullata, ana msimu wake, na anayetaka kumzalisha aanze kwa kufungua chaza wachache kila mwezi kwa mwaka mzima, aandike lini wana mayai na joto la maji lilikuwa nyuzi ngapi. Dakika za chaza wa Pasifiki zisihamishwe kwake. Achukue jike mmoja, ndoo moja ya nyuzi zinazojulikana, na ahesabu mayai mia kila dakika mbili mpaka vifurushi vyote viwili vitoke. Arudie kwa majike kumi. Hapo atakuwa na jedwali lake mwenyewe la kuanzia, kabla hajanunua hata miligramu moja ya dawa.